Kichanja Nilichokikata Miguu

Mwanangu Kabula,

Umetoka kwenda Mkolani kumuaga baba yako mkubwa, na yule mzee namjua, hatakuachia kabla hujala na kabla hajakusimulia ng'ombe wake mmoja mmoja. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Nimekaa kizingitini, karatasi nimeiweka juu ya sinia, sinia liko mapajani. Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo leo tutagombana, na sitaki upande basi kesho ukiwa na ugomvi wangu masikioni.

Nina hasira, mwanangu. Nimeipeleka kanisani, nimepiga magoti nayo, na nimetoka nayo nje vilevile nilivyoingia. Padre aliposema tupeane amani nilimpa mkono jirani yangu huku nimeuma meno. Nimemwambia Mungu kama hii ni dhambi aniondolee. Hajaniondolea. Nimeanza kufikiri ameiacha makusudi.

Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa huko Mpanda unakokwenda. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza kwa kuumia kama sisi sote. Nataka kusema juu ya kazi unayokwenda kuifanya. Watakupa meza. Utakaa hapo na wenzako, mtaandika nani apate nini na kwa masharti gani, na mtu ambaye hujawahi kumwona ataamka asubuhi akute maisha yake yamebadilishwa na sentensi yako. Nakuombea kila siku. Lakini kuna neno ulilisema jikoni kwangu, mbele ya mama yako mdogo Vero, na tangu siku hiyo nalala nalo na kuamka nalo. Nitalifikia.

Kwanza Vero. Utasema unamjua. Unamjua kama mtoto anavyomjua mtu aliyemkuta duniani, humuulizi ametoka wapi. Si ndugu yangu wa damu. Nilimkuta mwaloni, ufukweni pale mitumbwi ya dagaa inaposhusha, nikiwa mgeni, nimeolewa juzi, sijui hata dagaa mbichi anashikwaje. Alikuwa anatambaa mchangani, ndala kavaa mikononi na mpira wa tairi kaufunga magotini, maana miguu yake ililemazwa na polio akiwa mtoto huko kwao Ukerewe. Akaniangalia nilivyomwaga dagaa wangu kwa fungu. Akasema, "Dada, hao unawaanika au unawazika?" Ndivyo tulivyoanza.

Siku hizo tulikuwa tunaanika chini. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mchanga, amekitandika nyavu kuukuu, mwenzake hakigusi. Mitumbwi ya dagaa inaingia alfajiri, jua likipanda unamwaga, unatawanya kwa viganja, unageuza, unafukuza kunguru na mbuzi. Pale mchangani hakuna aliyekuwa mrefu. Sisi wenye miguu tuliinama mpaka jioni migongo inatuwaka, na Vero alipita katikati yetu akiwa kwenye kimo kilekile cha kazi. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wengi wetu. Alitucheka tulipojinyoosha tukishika viuno. "Lipieni urefu wenu," alikuwa anasema. "Mimi Mungu alinipunguzia mapema."

Wewe ulijifunza kutambaa pale. Nilikuweka kwenye kanga chini ya kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, na siku moja nageuka sikuoni. Ulikuwa unamfuata Vero. Ulidhani ni mtoto mwenzako aliyekutangulia kukua. Akienda kushoto, nawe kushoto, akitua kutawanya dagaa, nawe unapiga viganja juu ya nyavu na kucheka. Wanawake wakaanza maneno: mtoto huyu ataiga, hatasimama. Mimi nikaogopa kidogo, siwezi kukudanganya. Vero akawajibu bila kuinua kichwa, "Mwacheni. Akichoka huku chini atasimama. Mimi nilichoka nikakosa pa kushika, yeye atashika mgongo wangu." Na kweli, mara ya kwanza uliposimama katika dunia hii ulikuwa umeshika mgongo wa Vero.

Sasa, mchanga ni mchafu. Usije ukaenda huko ukasema mama yangu anapinga maendeleo. Mvua ikinyesha ghafla tunapoteza kila kitu, dagaa wanakuwa na mawe, wanunuzi wanaotoka Kongo wakawa wanachukua kiganja, wanatafuna, wanatema, wanaondoka. Tulipoambiwa vinakuja vichanja, meza za miti zilizotandikwa nyavu juu, dagaa wakauke hewani bila kugusa ardhi, nilimshukuru Mungu. Nilicheza. Vero naye alicheza, kwa mabega.

Wakaunda kamati. Wakataka mwanamke mmoja ndani, nikachaguliwa mimi kwa kuwa nasoma na siogopi kusema. Nilijiona mtu. Nilivaa kile kitenge cha bluu. Kwenye picha waliyopiga niko katikati, na nasikia chini yake waliandika kwamba wanawake wameshirikishwa. Mwanamke alikuwa mimi.

Ukumbuke kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu, mwanangu, ndiyo saa ya kugeuza dagaa. Ukiacha kuwageuza saa hiyo wanakauka juu, tumboni wanaoza. Aliyeweza kuja ni yule mwenye watu wa kumgeuzia. Ndiyo maana Mama Eliza, tajiri wa dagaa pale mwaloni, alikuwa mstari wa mbele na mkoba wake, na wale waliokuwa na njaa ya hicho kichanja walikuwa wameinama ufukweni. Na mimi ninayejua saa hiyo tangu ujana wangu sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa nimewaachia wenzangu dagaa wangu na nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kikao chenyewe kilikuwa ghorofani. Vero alikuja. Alisukuma ile baiskeli yake ya mikono toka Igogo mpaka pale, akafika kwenye ngazi, vijana wawili wakasema watambeba. Akakataa. Mara ya mwisho kubebwa, wakati wa kujiandikisha kupata kichanja, waliomnyanyua walikuwa wanataniana, kanga ikamvuka, watu wakaona ambacho hakutaka waone. Basi akakaa chini penye ngazi, akasubiri. Baadaye nilimuuliza kama alisikia lolote. "Nilisikia makofi," akasema. "Nikajua mmemaliza."

Makofi yale yalikuwa yangu.

Wewe ulikuwepo, ulikuwa likizo ya chuo, unajitolea ofisi ya kata, ndiwe uliyekuwa unaandika. Tulifika kwenye jambo la Mama Eliza. Kila mtu anajua alivyokuwa anashika vipande vya mchanga kwa majina ya wapwa zake na wasichana wa kazi, halafu anavikodisha kwa wanyonge. Nikasimama. Nilikuwa na hasira siku ile pia, ila ilikuwa hasira ya kupendeza, ile ya kupigiwa makofi. Nikasema kila mwenye kichanja aanike mwenyewe, kwa mikono yake, na asiyeonekana kwenye kichanja chake apokonywe. Hakuna kuanikiwa. Ukumbi ulilipuka. Mama Eliza aliinamisha kichwa, na mimi moyoni nikasema leo nimekukamata.

Ukaandika vizuri sana. "Mwenye kichanja ataanika dagaa kwa mikono yake mwenyewe." Jioni ukaniuliza hapa nyumbani, "Mama, na mtu akiugua?" Nikakujibu, "Mgonjwa atapona." Nakumbuka nilikuwa nachambua mchele, wala sikuinua macho. Wewe ulikuwa umeuliza swali lililo sawa, na mimi nililifagia kama pumba. Nikikuonya leo juu ya kitu chochote ni hicho: siku utakayokuwa na hakika ya kumkamata mwizi, ndiyo siku ya kuangalia nani mwingine anapita kwenye mlango huohuo unaoufunga. Mimi sikuangalia. Rafiki yangu alikuwa chini ya ngazi na mimi nilikuwa juu naufunga mlango kwa makofi.

Vichanja vikaja. Fundi alipima kwa kifua chake mwenyewe, mwanaume mrefu wa Magu. Siku ya kwanza tulisimama wima, tukaanika tumenyooka kama watu walio ofisini, tukacheka kwa furaha ya migongo yetu. Halafu nikamtafuta Vero. Alikuwa chini ya kichanja chake, ameinua uso, mwanga unampita kwenye matundu ya nyavu. Akasema, "Mama Kabula, leo nimewaona dagaa matumbo." Alicheka. Mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe, nilidhani ni jambo dogo tutakalolimaliza wenyewe.

Tulimaliza kama tunavyomaliza mambo. Nikimaliza changu nakwenda chake, nawamwaga, nawatawanya, yeye chini ananiambia wapi wamerundikana kwa sababu anawaona kwa chini. Ikawa kama mchezo. Mpaka msimamizi wa mwalo alipokuja na daftari lake kwapani.

"Mama Kabula, unaanika cha nani?"

"Cha Vero."

"Vero ana mikono au hana?"

"Anayo."

"Basi aanike."

Nikamwambia, "Wewe huoni kimo cha hicho kitu? Mikono yake inaishia kwenye mguu wa meza."

Akasema, "Mama, sheria haipimi watu urefu. Inawahusu wote sawasawa. Na si ni wewe uliyesimama kule juu ukaitaka?"

Watu wakacheka, Kabula. Wengine walikuwa wanawake niliokula nao. Nilitaka kumjibu, na kila nililotaka kusema nilikuwa nimeshaliziba mwenyewe kule juu. Nadhani hujawahi kukamatwa na maneno yako mwenyewe mbele ya watu. Utakamatwa. Kwa kazi yako huwezi kulikwepa hilo.

Wakampokonya. Na wewe hujui walimpa nani, maana sikukwambia, nilikuwa naona aibu. Walimpa mpwa wa Mama Eliza. Binti ana mikono miwili, jina ni lake, anafika kila siku, anaanika mwenyewe, jioni anampelekea shangazi yake mzigo wote. Hajavunja kifungu hata kimoja. Sheria niliyoitunga kumzuia Mama Eliza imemwongezea kichanja, na kimetoka kwa Vero. Kuna siku nikiwaza hilo nasimama katikati ya njia, watu wanapita wananiuliza, "Mama, unaumwa?"

Vero akarudi mchangani. Alikwenda pembeni kabisa, kule kwenye magugu maji, akatandika nyavu yake ya zamani. Hakumsumbua mtu. Mgambo wakaja na sepetu. Wakachota dagaa wake pamoja na mchanga wakawatupa ziwani, wakisema dagaa wa chini ni marufuku, wanaharibu jina la mwalo. Yeye ameshika ukingo wa nyavu, hawakumsukuma, hawakumtukana, walikuwa wapole. Upole ule ndio ulionichoma zaidi. Mmoja alimwita mama. Akasema, "Samahani mama, ni utaratibu," huku anachota.

Baada ya hapo wakaja wengine, wema kabisa, na mfuko wa mchele na sabuni, wakataka kupiga naye picha. Akawapokea, akawashukuru, ana adabu kuliko mimi. Halafu akawaambia, "Wanangu, nishushieni kichanja tu. Mchele nitanunua." Wakacheka wakidhani anatania. Wakapiga picha.

Ndiyo jioni ile nilipomleta hapa nyumbani. Alikuwa amekaa pale nje kwenye mkeka, na wewe uko jikoni unakaanga vitunguu. Nikaingia nikaanza kufoka, unanijua. Na wewe ukasema, kwa ile sauti uliyokuja nayo kutoka chuoni, taratibu, kama unamfafanulia mtoto:

"Mama, sheria ni ileile kwa wote. Ndiyo usawa wenyewe. Tukianza kumpendelea mmoja, kesho watakuja kumi."

Hukujua kwamba dirisha liko wazi. Mama yako mdogo Vero akasema kutoka nje, bila hasira, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Waache waje, mwanangu. Mimi nimechoka kuwa peke yangu."

Vitunguu vikaungua. Hukutoka kwenda kumwomba radhi, na mimi sikukulazimisha, nikasema ni mtu mzima, atatoka mwenyewe. Siku zimepita. Umefua, umepanga sanduku, umeaga jumuiya, umeaga mpaka muuza genge. Vero ukimkuta unamwamkia, "Shikamoo mama mdogo," anakujibu, "Marahaba mwanangu," na unapita haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Mimi naona.

Hasira yangu sasa uijue ilivyo, isije ikaonekana yote ni yako. Nimemkasirikia yule fundi aliyepima dunia kwa kifua chake. Nimemkasirikia msimamizi aliyeniuliza swali ambalo sina jibu lake. Nimewakasirikia waliocheka. Nimejikasirikia mimi mpaka nikachoka na mimi. Lakini wewe nimekukasirikia kwa namna nyingine, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza, "Na mtu akiugua?" Ulikuwa nalo lile jicho. Nani amekufumba? Mimi ndiye niliyeanza, nilipokwambia mgonjwa atapona. Chuo wakamalizia. Na sasa unakwenda mahali ambako kufumba jicho hilo utalipwa mshahara, na kulifumbua utaitwa msumbufu.

Umeniambia usawa ni kuwapa wote kitu kilekile. Mimi sina elimu ya kubishana, nimeishia la saba. Ila niliona kwa macho yangu: wote walipewa kichanja kilekile, na siku hiyohiyo mtu mmoja akaacha kuwa mfanyakazi akawa mtu wa kupelekewa mchele. Mchangani, kwenye uchafu wetu, hakuhitaji huruma ya mtu. Tulimwondolea ardhi yake tukiwa na nia njema, halafu tukashangaa kwamba ni mlemavu.

Sasa kuna jambo ambalo hulijui, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu stendi.

Nimekikata miguu kichanja changu.

Nilikwenda kwa fundi mitumbwi nikaazima msumeno, nikamwita Vero akae karibu, akainua mkono akaweka kiwiko pale anapotaka, nikatia alama kwa mkaa. Miguu minne. Mti ule ni mgumu, nilitokwa jasho mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na yeye ananiambia, "Taratibu Mama Kabula, usije ukakata na wangu, ingawa siutumii." Kilipokaa chini kilikuwa bado kimeinuka vizuri kutoka kwenye mchanga. Asubuhi tukaanika wote wawili, yeye upande wake kwa kutambaa, mimi upande wangu kwenye kigoda. Kwa mikono yake mwenyewe, kama sheria yangu inavyotaka. Mnunuzi akaja, akachota, akatafuna, akameza. Hakuuliza kichanja kina urefu gani.

Msimamizi akaja mchana. Akazunguka mara mbili. Akasema nimeharibu mali ya umma. Jumatatu nimeitwa kwenye kamati, kamati yangu mwenyewe, kule juu ghorofani, saa tatu asubuhi. Wakiamua vibaya wananipokonya kichanja, na nikipokonywa hicho hakuna changu wala cha Vero pale mwaloni. Kaka yake Vero anayeishi Magu ameshatuma neno aje akakae kwake. Vero anasema, "Nitakaa chumba cha uani, asubuhi watawafungulia kuku, jioni watatufungia wote." Anasema hivyo kwa mzaha. Lakini juzi nilimkuta anakunja nyavu yake ya zamani, ile aliyobakiza, anaikunja vizuri kama nguo ya kusafiria.

Sikuombi uahirishe safari. Nenda. Nilikuzaa uende. Wala siombi uandike barua kwa mkubwa wako mpya, usianze kazi kwa kuomba fadhila. Nataka tu ujue kilichotokea baadaye, kwa sababu ulikitabiri wewe.

Siku ya pili baada ya msumeno alikuja Bibi Nyanjige, yule ambaye bega lake halipandi tangu alipoanguka na ndoo. Akasimama akakiangalia kichanja, akaniuliza, "Nani kakukatia?" Nikasema nimekata mwenyewe. Akasema, "Na changu." Akaja yule binti mwenye mimba kubwa, anasema akikaa anaweza kufanya kazi mpaka siku yake, akisimama miguu inamvimba. Akaja Mjaluo mmoja, mfupi tu, hana ugonjwa wowote, amekuwa akipanda juu ya jiwe kila siku na hajawahi kumwambia mtu kwa sababu aliona ni kosa lake kuwa mfupi. Wakaja wenye watoto mgongoni. Waliokuwa wanatucheka nao wapo humo.

Ulisema watakuja kumi. Wamekuja, Kabula. Sijawahesabu. Wako hapa uani sasa hivi wakati naandika, wamenijazia mkeka, wanabishana Jumatatu itakuwaje. Mmoja anasema tuombe msamaha kwanza. Vero anamjibu, "Msamaha wa nini, wewe ulikata nini? Msumeno hata hukuushika." Wanacheka. Binti mwenye mimba anasema kamati ishuke, kikao kiwe chini penye ngazi, kila mtu asikie, na kiwe saa kumi dagaa wakishakusanywa. Bibi Nyanjige anasema vichanja viwe vya vimo mbalimbali, kila mtu aseme chake kabla fundi hajashika mbao, na mwenye shida aruhusiwe kuanikiwa na mtu anayejulikana. Na Mama Eliza je, atapenya humohumo? Hapo wamekwama, wananipigia kelele nitoke nje nijibu, mimi niliyejifanya hodari wa kumkamata. Nimewaambia namalizia barua. Ila naona jambo moja: leo wanatafuta njia ya kumzuia bila kumkanyaga Vero, na wanaweza kuitafuta kwa sababu Vero yuko kwenye mkeka, anawaambia hapana, hapo mtanikanyaga, hapo sogeeni. Siku ile hakuna aliyeniambia. Nilikuwa mwanamke peke yangu, nimevaa bluu.

Hiyo ndiyo elimu niliyonayo, na nimeilipia. Huko Mpanda hakuna mwalo wetu, lakini atakuwepo mtu aliye chini ya ngazi anasikia makofi. Kila mara utakaposikia makofi, mwanangu, nyanyuka uende ukaangalie ngazi.

Kesho asubuhi Vero anataka kukusindikiza stendi. Ameshaniambia, amepaka grisi mnyororo wa baiskeli. Unajua mabasi yale yalivyo, ngazi zake ni ndefu, hawezi kupanda kukuaga ndani. Atakaa chini kati ya mizigo na watu. Wewe utakuwa juu dirishani, na kutoka kule utamwona utosi tu na kitambaa chake cha kichwa. Ndivyo watu wanavyoonekana kutoka mahali unakokwenda.

Kwa hiyo ukishapata kiti chako, weka mkoba juu yake, ushuke. Hata kondakta akipiga kelele, shuka. Usimwinamie kama tunavyowainamia watoto, hapendi. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwambie lile ambalo umekuwa ukipita nalo haraka uani. Kama maneno yatakukataa, mshike mgongo. Atajua. Ndipo ulipojifunzia kusimama.

Mungu akutangulie njiani.

Mama yako